Cheti Kilichovuka Ziwa

Kama gazeti la wiki jana, lenye mwanzo wa kisa hiki, lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usihuzunike. Mabaya yangu yanaelezeka kwa ufupi.

Naitwa Kasilda, mkulima wa mpunga hapa Mwamkulu, ukitoka tu mjini Mpanda. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe, kwenye redio na kwenye karatasi za sheria nilizotoa kopi. Kila kitu nakiandika daftarini na tarehe yake, maana nimeona watu wakubwa wanavyosahau.

Mume wangu Sixte anachoma tofali. Alivuka ziwa kutoka Kongo, Septemba 2012. Mtumbwi ulipinduka, na mvuvi mmoja wa Kapalamsenga, upande wetu wa ziwa, anaitwa Maiko, akamwokota hajitambui. Hakuwa na viza. Hakuwa hata na shati.

Miaka yote hiyo, aliyeniuliza mume wangu ni wa wapi nilimjibu, "Mwese." Mwese ni milimani, na barabara yake haitaki watu. Ukisema mtu katoka Mwese, hakuna atakayekwenda kuuliza.

Mwaka huu nikasimama kwenye mkutano wa hadhara. Nikasema mwenyekiti wetu, Malale, anakula na wanunuzi wa lumbesa, wale wanaoshindilia gunia la mpunga mpaka linaota kichwa, halafu wanaliita gunia moja. Nilitaja siku, nilitaja saa, nilitaja na rangi ya pikipiki.

Malale alikodi bodaboda akaenda Mwese. Alikaa huko siku mbili, nyumba kwa nyumba, akiuliza nani anamfahamu Sixte mchoma tofali.

Hakuna aliyemfahamu.

Viongozi niliowasema ni wengi. Huyu ndiye wa kwanza kufanya utafiti.

Wiki iliyofuata tukaitwa ofisi ya uhamiaji, na hapo ndipo tulipoachana mimi na wewe msomaji.

*

Afande tuliyemkuta ni mwanamke, anaitwa Aneth. Alitupa viti. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa kufoka, na hasira niliyokuja nayo ikakosa pa kukaa.

"Mama, huyu baba ni nani kwako?"

"Mume wangu."

"Kwa ndoa gani?"

"Ya kimila. Alipeleka kwa baba yangu mbuzi wanne na majembe mawili. Tarehe kumi na sita Juni 2013, Jumapili."

"Cheti?"

"Mbuzi hawana cheti, afande."

Hakucheka. Akaandika. Akamgeukia mume wangu.

"Nchini uliingilia wapi?"

"Kapalamsenga."

"Kwa kibali gani?"

"Kwa kuogelea."

Akaandika na hilo.

Nikatoa kopi zangu. Nikamwambia mimi ni raia, baba yangu raia, babu yangu alilima bonde hili kabla ya hizo ofisi. Kama nimeolewa na mtu, ndoa yangu imhalalishe.

"Mama Mary," akasema. Jina la binti yetu alishalisoma kwenye faili. "Ungekuwa wewe ndiye mgeni, yeye raia, sheria ya uraia ina mlango wa mke. Wewe ndiye raia. Mlango wa mume sina."

"Kwa hiyo kosa letu ni kwamba mgeni ana ndevu."

"Sikusema hivyo."

"Nimesema mimi. Andika."

Akaandika kweli. Nilianza kumpenda, jambo ambalo lilinisumbua.

Akatueleza ipo njia nyingine, ndefu. Mimi niombe kibali cha kuishi kwa niaba ya mwenzangu. Faili liende makao makuu, na kosa la kuingia bila kibali nalo wakalitazame huko huko.

"Ila bila cheti cha ndoa silifungui hilo faili. Nawapa siku thelathini. Kila Jumatatu baba aje asaini hapa. Siku ya thelathini ikipita sijaona cheti, anapelekwa Kigoma, anavushwa."

Mume wangu, ambaye ofisini hajibu mpaka aulizwe, akauliza.

"Anavushwa kurudi kule kule?"

"Kwenu, ndiyo."

"Jela ya huku hakuna?"

Afande Aneth akaweka kalamu chini. Akamtazama, kisha akanitazama mimi, kama mtu aliyeuziwa kuku akakuta ni bata.

Nje nilimkamata mkono. "Baba Mary, mtu gani anaomba jela?"

"Kule sina mtu."

"Hata mama yako?"

"Sina mtu, Mama Mary. Twende, tofali zinapoa."

Niliandika daftarini: *Hana mtu.* Na tarehe.

*

Bomani wanataka kitambulisho cha kila anayefunga ndoa. Sixte hana, na nani angempa? Ikabaki kanisani. Nikaenda kwa katekista wa kigango chetu, mzee Ambrosi.

"Miaka kumi na miwili nakuita mje mfunge ndoa, Kasilda. Miaka kumi na miwili wenzako wanakwenda komunyo, wewe umekaa benchi. Leo umekuja mbio. Nani kakuita?"

"Serikali. Ina sauti kubwa kuliko yako."

Mzee Ambrosi alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu akarudi kazini. Alitaka cheti cha ubatizo cha mume wangu. Kipya, kisichozidi miezi sita, kutoka parokia aliyobatizwa.

"Cha nini kipya? Mtu habatizwi upya."

"Kule wana kitabu. Pembeni ya jina la mtu wanaandika mambo yake yote, kipaimara, ndoa, yote. Nataka kuona huko pembeni pana nini. Sitaki nimuozeshe mume wa mtu. Ana mke kule?"

"Hana."

"Umejuaje?"

"Aliniambia."

"Basi tungoje cheti," akasema, kwa upole wa kunitukana.

Nyumbani, habari ya cheti ilimnyamazisha Sixte siku tatu. Si mtu wa maneno, lakini hata kimya nacho kina aina yake, na hiki sikuwa nimekizoea. Siku ya tatu akasema:

"Tuache hii ya kanisa. Vitabu vya kule vilichomwa vitani."

"Vita ya mwaka gani?"

Usimdanganye mwanamke mwenye daftari.

"Baba Mary, hizi siku zinahesabika. Usipokuwa na cheti unavushwa. Unataka uvushwe?"

Alitazama mikono yake. Udongo wa tofali hauishi kwenye makucha hata aoge mara ngapi.

"Andika," akasema. "Andika Sixte Lyamba."

Nikaandika barua. Nikaipiga picha, nikamtumia Maiko kule Kapalamsenga, maana yeye na mitumbwi yake huenda ng'ambo na kurudi kwa biashara. Maiko akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Shemeji, nimeipata. Keshokutwa navuka."

*

Mzee Ambrosi, Mungu ampe, alikubali kuanza matangazo ya ndoa huku tunasubiri cheti. Yanasomwa Jumapili tatu mfululizo. Padri angefika Jumamosi baada ya ile ya tatu, atufungishe, na Jumanne yake ndiyo siku ya thelathini. Hesabu ilikuwa imenyooka. Hapo ndipo ningetakiwa kuogopa.

Jumapili ya kwanza akasoma: "Wanatarajia kufunga ndoa Sixte Lyamba na Kasilda, wote wa kigango hiki. Mwenye kujua kizuizi, anawajibika kusema."

Malale, benchi la mbele, akakohoa.

Vichwa vyote vikageuka.

"Mafua," akasema Malale.

Mume wangu wakati huo alikuwa anatazama mabati. Nikampiga kiwiko. "Wewe, ni jina lako limesomwa."

"Eeh?"

Sikio lake la kulia liliharibiwa na maji, hivyo ndivyo nilivyojieleza siku zote. Nakumbuka siku ya kwanza, sokoni Mpanda, Oktoba 2012. Alikuwa amedondosha kofia. Mwenye kibanda akaniambia yule anaitwa Sixte. Nilimwita mara tatu ndipo akageuka. Nikasema, masikini, kijana mzuri, kiziwi. Tangu Mary azaliwe namwita Baba Mary, na hilo analisikia hata akiwa tanurini.

Jumapili ya pili Malale hakukohoa. Alikuja na daftari. Lilikuwa kama langu, hata jalada.

*

Ijumaa ya wiki ile Maiko akafika mwenyewe, kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Hajawahi kukataa ugali kwangu. Siku hiyo alikataa.

"Shemeji, padri wa kule alisoma ile barua, akanitazama. Akaniambia nisubiri nje. Nilisubiri siku mbili. Watu wakawa wanapita kunitazama kama mnyama wa mbugani. Nikauliza kuna nini, wanasema hakuna kitu."

"Lakini amekupa?"

"Amenipa."

Akatoa bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko mwingine. Mume wangu alikuwa uani, anapanga tofali. Hakuja. Alisimama na tofali mkononi.

Cheti kilikuwa cha Kifaransa. Chini yake yule padri, kwa huruma, alikuwa ameandika Kiswahili kwa kalamu. Nikasoma kwa sauti, maana mimi nasoma kila kitu kwa sauti.

"Sixte Lyamba. Amebatizwa. Amepata kipaimara. Ndoa: hakuna."

Nikashusha pumzi. Miaka yote hiyo, kumbe kuna sehemu ndani yangu ilikuwa inangoja mke.

"Kuna mstari mwingine," akasema Maiko.

"Naona."

*Amefariki ziwani, Septemba 2012. Misa ya marehemu imesomwa.*

Nikausoma mara mbili. Maiko akavua kofia. Sijui alikuwa anamvulia nani. Marehemu alikuwa amesimama pale na tofali.

"Baba Mary, umesikia? Wamekuzika kule."

"Nimesikia."

"Padri wao amekosea kitabu."

"Padri hakukosea."

"Acha mafumbo. Mtu akivuka akaanza maisha mapya huyo hajafa. Nakuuliza, tutafanya nini?"

Akaliweka lile tofali juu ya lingine, akalisawazisha kwa kiganja, kama kuna mtu angekuja kulikagua.

Maiko naye hakukaa. Aliwasha pikipiki, akaizima, akaiwasha tena. "Shemeji, Jumapili nitakuja kanisani kwenu," akasema. Nilidhani anakuja kutupa moyo.

Jioni nikampakulia marehemu ugali. Akala.

Sasa nifuate vizuri hapa, maana nililipigia hesabu jambo hili usiku na mchana. Kufuta kifo kwenye kitabu, lazima mwenyewe asimame mbele ya yule padri akiwa mzima. Yule padri yuko ng'ambo. Sixte akivuka kwenda kuthibitisha yuko hai, ametoka nchini, na kurudi hana ruhusa. Asipovuka ni maiti, na maiti haifungi ndoa. Bila ndoa, anavushwa.

Njia zote zilikuwa zinaelekea kwenye mtumbwi mmoja.

Jumamosi mzee Ambrosi akapita nyumbani kwa baiskeli. Hakushuka, aliweka mguu mmoja chini.

"Cheti?"

Hapa ndipo penye ungamo langu, na nalitoa gazetini kwa sababu kwenye kiti cha maungamo bado sijaruhusiwa.

"Bado," nikasema.

"Hata habari?"

"Ziwa limechafuka, wanasema."

Cheti kilikuwa kwenye debe la unga, hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama. Mimi, niliyemwambia Malale mbele ya watu mia mbili kwamba mwizi hupima kwa mkono wake mwenyewe. Nilishindilia uongo juu ya uongo wa Mwese mpaka gunia likaota kichwa. Hiyo ilikuwa lumbesa yangu.

"Basi kesho nasoma tangazo la mwisho," akasema. "Lakini padri Jumamosi hatakubali maneno. Atataka karatasi."

"Ataipata."

Sikujua ataipata vipi. Mtu mwongo huishi kwa siku, hana mpango wa wiki.

Mume wangu alikuwa amesikia yote kutoka uani. Akaja mlangoni.

"Mama Mary, ningekuambia kitu ungenifukuza?"

"Una mke?"

"Hapana."

"Umeua mtu?"

Akashika fremu ya mlango. "Usukani nilishika mimi," akasema.

"Mtumbwi ulipinduliwa na upepo, Maiko mwenyewe alisema. Kalale. Kesho ni tangazo la mwisho, sitaki habari za mwaka 2012."

Mimi, mwenye kukumbuka kila kitu, nilisema sitaki habari za mwaka 2012. Nimeliandika hilo daftarini, mstari wake peke yake.

*

Jumapili ya tatu kanisa lilijaa. Watu wanapenda tangazo la mwisho. Ni kama dakika za nyongeza. Malale mbele, daftari limefunguliwa, kalamu sikioni. Na Afande Aneth alikuwepo, amevaa gauni la kawaida na mtandio. Nilimsalimia. Akasema naye ni Mkatoliki, hajaja kikazi. Nikaamini nusu.

Maiko aliingia mwishoni, akakaa nyuma kabisa. Hakuwa peke yake. Alikuwa na bibi mmoja mwembamba, amejifunga vitenge vya ng'ambo, miguu imevimba kwa safari. Nilimwona kwa jicho moja, nikarudi kwenye mambo yangu.

Mzee Ambrosi akasoma. "Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Sixte Lyamba, na Kasilda. Mwenye kujua kizuizi, anawajibika kusema."

Malale hakukohoa.

Nilihesabu moja. Nilihesabu mbili. Mzee Ambrosi akafunga kitabu.

"Miye niko na neno," sauti ikatoka nyuma.

Yule bibi alikuwa amesimama. Maiko alikuwa anamvuta kitenge akae, naye anautoa mkono wa Maiko kama anafukuza nzi.

"Sema, mama," akasema mzee Ambrosi. "Wewe ni nani?"

"Miye ni mama ya Sixte."

Kanisa likafanya sauti moja. Nikamgeukia mume wangu, aliyeniambia kule hana mtu. Alikuwa ameinama, kichwa karibu kiguse magoti, anaitazama sakafu kama inataka kumwambia kitu.

"Umetoka wapi, mama?"

"Ng'ambo. Nimefika juzi."

Malale akachukua kalamu sikioni. Afande Aneth akafumba macho. Sasa wageni wasio na kibali walikuwa wawili, na wa pili amejitaja mwenyewe, mbele ya kanisa zima.

"Wakati ule ziwa lilichukua watoto wangu wawili, siku moja," akasema bibi. "Sixte na mudogo wake. Hatukupata mwili hata mumoja. Sixte alikuwa wa kwanza wangu, ndiye alikuwa ananilisha. Sasa padri ananiita, ananiambia, mama, kuna mutu kule Tanzania anaomba cheti ya Sixte, anataka kuoa. Nikasema basi iko muzima. Nimekuja kumuona tu. Sina kizuizi. Niko na furaha."

Kuna wanawake walishaanza kulia. Mzee Ambrosi mwenyewe alivua miwani. Mimi niliona milango yote inafunguka: shahidi amevuka mwenyewe, mama mzazi, atasema huyu ni mzima, kifo kitafutwa, padri atafungisha, faili litafunguka. Sikuwahi kumpenda mtu nisiyemjua kiasi kile.

"Njoo, mama," nikamwita, nikasimama kumpisha. "Mwanao huyu hapa."

Akaja taratibu katikati ya mabenchi, mkono mmoja umetangulia. Alikuwa anacheka. Meno yalikuwa machache na yote yalikuwa nje.

"Sixte," akaita.

Mume wangu hakuinua kichwa.

"Sixte, mwanangu."

Hakuinua.

Akafika. Akaita mara ya tatu, akamshika kidevu, akakiinua yeye mwenyewe kwenye mwanga wa dirisha. Akamtazama. Kicheko kilibaki mdomoni muda kidogo baada ya macho kuondoka, halafu nacho kikaondoka. Akakiachia kidevu. Akarudi nyuma hatua moja, mbili, akaligusa benchi la Malale, akajishikilia hapo.

Akamtazama Maiko kule mlangoni. Akanitazama mimi. Halafu akageuza uso pembeni, akautupia ukuta, na kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu ufunguo asioutaka, akaita jina la yule mtoto wake wa pili, jina ambalo mimi sijawahi kulisikia nyumbani kwangu.

"Dionizi?"

Mume wangu akainua kichwa. Alisikia kwa sikio lile lile la kulia. Aliitwa mara moja tu.